Kompyuta Mpya Haina Pa Kuweka Harusi Yangu

Jumapili, mwezi wa sita. Chapwa, Tunduma.

Baridi ya leo haina adabu. Upepo umeanza tangu alfajiri, unapiga bati na kuingiza vumbi la barabara ya malori hadi kwenye kopo la sukari. Nimejifunga khanga mbili juu ya sweta na chai yangu ya tangawizi imeshapoa mara mbili. Kanisani sijaenda. Mama mchungaji akiuliza nitasema kifua, na Mungu anisamehe, maana kifua changu ni kizima kabisa. Sababu ni nyingine, na ndiyo iliyonikalisha hapa niandike.

Kwa anayepita ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mjane, naishi na kuku wanne. Mume wangu Ezekia alikuwa dereva wa lori. Malaria ilimchukua kwa siku tatu tu, mtoto wetu Eliza akiwa hajatimiza miaka miwili. Eliza sasa ni mtu mzima, anafanya kazi ya maabara Dodoma, na mwezi wa nane namfanyia sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Nitamkabidhi kwa watu, kisha nitarudi hapa kwa kuku wangu.

Mwezi wa tatu alikuja kunisalimia akaniletea kompyuta. Nyembamba kama daftari la darasa la kwanza. Alisema niache kuandika kwa simu, nitaharibu macho. Nilifurahi, nikaifuta vumbi ambalo hata halikuwepo.

Siku ya kuondoka, stendi, mguu mmoja uko ndani ya basi, ndipo akasema alichokuwa nacho moyoni wiki nzima. "Mama, siku ya sendofu nataka baba aongee. Ile CD ya harusi yenu. Dakika mbili tu. Mimi sauti yake siijui."

Nikamwambia hilo limekwisha, mwanangu. Limekwisha! Mdomo wangu huu.

Nilirudi nyumbani, nikatoa kava ya harusi kwenye sanduku la vitenge, nikaikalia kompyuta. Upande wa kulia hakuna pa kuingizia. Kushoto hakuna. Nikaipindua, nikidhani labda siku hizi wanaweka tumboni. Hakuna kitu. Mwanamke mzima, mwalimu wa miaka mingi, nimekaa sebuleni nazungushazungusha kompyuta kama mtu anayekagua papai sokoni.

Kesho yake nikamuuliza mwalimu mwenzangu anayefundisha TEHAMA. Akacheka. "Madam, mlango wa CD walishauondoa siku nyingi. Sasa hivi mambo yote flashi, au mtandaoni." Alisema kwa wepesi tu, akaendelea kusahihisha madaftari yake.

Ezekia hayuko mtandaoni.

Sasa niungame, maana kama siungami humu nitaungamia wapi. Eliza hajui sauti ya baba yake kwa sababu yangu. CD ilikuwepo miaka yote ya utoto wake. Deki ilikuwepo, televisheni ilikuwepo. Nilikuwa naiangalia peke yangu, yeye akiwa shule. Nafunga mlango, nashusha pazia, naangalia, nalia mpaka naridhika, kisha naosha uso na kupika ugali. Kila alipoomba nilimwambia ukikua. Nilisema namlinda mtoto. Uongo. Nilikuwa mchoyo tu, nilitaka niwe na mume wangu peke yangu kwa hiyo saa moja.

Akakua, akaenda bweni, na deki ikafa. Nikasema nitanunua nyingine, mwaka ukapita, na mwingine. Dunia nayo ikaendelea na safari zake, ikaondoa milango ya CD kwenye kompyuta bila kuniuliza mwalimu wa Chapwa kama nimemaliza.

La pili ni baya kuliko hilo. Mimi mwenyewe nimeisahau.

Maneno yake nayakumbuka. Siku ya harusi alisimama, akashika maiki, akasalimia ndugu zake kwa Kinamwanga, kisha akasema, "Mimi si mtu wa maneno mengi," halafu akaongea mpaka MC akamnyang'anya maiki, ukumbi mzima unacheka. Hayo yote ninayo. Naweza kuwaandikia neno kwa neno. Lakini nikifumba macho nimsikie, sisikii kitu. Midomo inacheza tu. Sijui ni lini ilipotea. Ningejua siku yenyewe, walau ningeomboleza.

Basi nikaanza kuzunguka. Mjini Tunduma nimeingia maduka yote ya vifaa vya simu. Nikavuka hadi Nakonde, upande wa Zambia. "Awe, mayo," dada wa duka akanikatalia kwa Kibemba, kisha akanionyesha spika inayowaka taa za rangi. Nikamwambia dada, mimi sina disko, nina marehemu. Akanitazama vibaya.

Mwisho nikamkumbuka Fundi Siame. Huyu ndiye aliyehamisha harusi yangu kutoka kwenye kanda ya video miaka ile kanda zilipoanza kufa. "Kanda inaota ukungu, mwalimu," aliniambia. "CD haifi." Nikamwamini, kanda nikaitupa kwenye shimo la taka. Kwa hiyo Ezekia nilishawahi kumwokoa mara moja, nikajiona mjanja kweli.

Studio yake sasa inauza kava za simu na kutoa fotokopi. Lakini kwenye kona, chini ya kitambaa cha meza, ana kompyuta yake ya zamani, ile pana yenye mgongo. Akaiwasha, tukasubiri kama tunasubiri maharage yaive, akabonyeza kitufe, na kisahani cha kuwekea CD kikatoka taratibu kikitetemeka. Jamani, nilifurahi kukiona kile kisahani. Nikafungua kava yangu yenye picha ya harusi.

Ndani mlikuwa na filamu ya ngumi. Zile za Kichina zilizotafsiriwa, jamaa anapiga kelele za Kiswahili juu ya sauti zao. Fundi Siame akaangua kicheko. Alipoona uso wangu akanisogezea kiti.

Nilikaa pale nikarudisha akili nyuma. Mara ya mwisho nilipoiangalia nilikuwa nalia, na nikilia sioni. Nimetoa harusi, nimeiacha uchi juu ya deki, nimeokota CD iliyokuwa karibu nikairudisha kwenye kava. Hilo tu. Na CD zote zilizokuwa uchi nyumbani kwangu nilijua zilikokwenda.

Zilikuwa Msangano, zinafukuza ndege.

Nieleze. Ezekia ana mdogo wake, Yoramu, analima mpunga Msangano. Mpunga ukianza kukomaa ndege wanashuka kama mvua, na watu wa kule hufunga kamba kuzunguka shamba, wakaning'iniza CD za zamani. Upepo ukizizungusha zinamulika jua, ndege wanaogopa. Siku mbili tatu hivi, kisha wanazoea, na mtu inabidi apige kelele mwenyewe. Mwaka juzi shemeji alinitumia meseji: shemeji, kama una CD mbovu usitupe. Nilikusanya zote zisizo na kava, sikusoma hata moja, nikazifunga kwenye mfuko wa rambo, nikampa dereva wa Noah azifikishe. Nikajisifu kwamba nimesafisha nyumba.

Yaani mume wangu nilimfunga mwenyewe kwenye rambo, nikampeleka akawe kitisho cha ndege kwenye shamba la mdogo wake!

Na kwa nini meseji, kwa nini nisiende mwenyewe? Hapo napo pana neno. Baada ya msiba wazee wa ukoo walikaa, wakasema Yoramu anirithi. Kijana wa watu alikuwa na miaka kumi na tisa, ndevu hana. Mimi nilikuwa na hasira za msiba, nikasimama mbele ya wazee nikawaambia niliolewa na Ezekia, sikuolewa na ukoo. Nikafunga mizigo nikamchukua mtoto. Tangu siku hiyo simu ya Yoramu sipokei. Si kwamba tuligombana. Akipiga naiacha iite mpaka ikome, kisha namtumia meseji: nipo kwenye kipindi, shemeji, kuna nini? Hata sikukuu nipo kwenye kipindi. Gunia la mchele linakuja kila mwaka, na mimi nashukuru kwa meseji. Eliza tu ndiye huwa anamwandikia baba yake mdogo mambo marefu.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano nikapanda gari kwenda Msangano, halafu bodaboda mpaka shambani. Sikumpa taarifa. Ningempa taarifa nisingekwenda.

Niliziona toka mbali. Kamba ndefu ya nailoni, CD zinacheza na jua, nyingine zimepasuka, nyingine zimebaki plastiki tupu inayoonyesha upande wa pili. Yoramu alikuwa amesimama juu ya kichuguu na kipande cha bati na fimbo. Mvi zimejaa, wakati mimi kichwani nilikuwa bado nimemweka na miaka kumi na tisa. Aliponiona aliruka chini, akaja, akafungua mdomo kunisalimia, na hakuna kilichotoka.

Sauti ilikuwa imekauka. Wiki tatu za kupigia ndege kelele kuanzia jua linapochomoza. Alinong'ona tu, ameshika koo, anacheka kwa aibu. "Shikamoo shemeji. Nisamehe. Ndege wamekula sauti yote."

Nikamweleza nilichofuata. Nilidhani atacheka, au atanilaumu. Alitoa kisu mfukoni akaanza kukata kamba, mwanzo hadi mwisho, CD zote, shamba limebaki wazi na ndege wanatazama kutoka kwenye miti. Nikamwambia shemeji, acha, tutafute yenyewe tu. Akatikisa kichwa. Wino wa maandishi ulikuwa umeliwa na jua, huwezi kujua ipi ni ipi. Akanong'ona, "Ndege watakula kidogo. Kaka ni mmoja."

Tulikaa chini ya kibanda cha shambani tukizipanga, mkewe akatuletea viazi na maziwa ya mgando. Nyingi zilikuwa zimekwisha kabisa. Tukabakiza tatu zenye rangi. Ndipo Yoramu akaninong'oneza jambo bila kunitazama. "Shemeji, siku ile ya wazee, mimi mwenyewe nilikuwa natafuta dirisha la kutorokea. Ulivyosimama ukakataa, nilishukuru sana. Nilitaka nikuambie, ila hupokei simu."

Miaka ishirini na ushee! Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sijui kilitangulia kipi. Jioni akanipandisha bodaboda na gunia la mchele juu yake.

Jumatatu yake niko kwa Fundi Siame. Tumeziosha kwa maji ya sabuni, tumezipaka dawa ya meno, tumezifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kama alivyosema mwenyewe. Ya kwanza, kwaya. Ya pili, kompyuta ikakataa hata kuitambua. Ya tatu ikazunguka, ikakoroma, ikazunguka, na mara nikaona ukumbi wa kule kwetu Mbozi, maputo, na mama yangu mzazi anapiga vigelegele.

Nilishika mkono wa Fundi Siame bila kutaka.

Nilijiona mwembamba, shingo ndefu, nacheza kwa kuona haya. Shangazi zangu wote ambao sasa wako chini ya udongo walikuwa wanakatika viuno. Picha inakwama, inaruka, inaendelea. Keki. Zawadi, jogoo wawili na ndoo. MC akasema sasa tumsikie bwana harusi. Ezekia akasimama, akarekebisha koti, akapokea maiki, akafungua mdomo.

Ikakwama hapo.

Fundi akaitoa, akaifuta, akairudisha. Ikafika palepale, mdomo wazi, ikakwama. Akajaribu tena. Mara ya nne kompyuta ikaandika kwamba hakuna CD ndani, na tangu hapo haikuiona tena. Fundi Siame alijaribu mpaka akavua koti. Mwisho akaniwekea kwenye flashi kile alichowahi kukinakili, mwanzo mpaka pale mume wangu anapofungua mdomo. Hakutaka hata ahsante. Akasema tu, "Mwalimu, mimi ndiye niliyekwambia haifi."

Hiyo flashi inaingia vizuri kabisa kwenye kompyuta mpya. Nimeiangalia kila siku baada ya kazi, mara hii pazia liko wazi. Naona koo lake linavyojiandaa. Eliza amenipigia Jumapili mbili mfululizo akiuliza, Mama, umepata? Namjibu inashughulikiwa. Mimi na uongo wangu wa kila siku. Sijui mtu anamwambiaje mwanawe kwamba nilikunyima baba yako ulipomtaka, na sasa nimempoteza kwa mkono wangu. Wiki hizi mbili nyumba imekuwa kubwa kuliko kawaida. Nimepika, nimekula nimesimama jikoni, nimelala. Nikiongea ni na kuku.

Sasa nifike kwenye leo asubuhi.

Nilikuwa nimeshavaa, Biblia iko kwenye mkoba, natafuta kiatu cha pili chini ya kitanda. Simu ikaita. Yoramu. Kidole chenyewe kilikwenda kama kilivyozoea, kiiache iite. Kisha nikakumbuka shamba lilivyobaki wazi siku ile, nikaona haya. Nikapokea, bado nimepiga magoti.

"Shemeji, shikamoo. Habari za huko? Ile CD ilisoma?"

Nikakaa sakafuni.

Mpunga wameshavuna. Amepumzika wiki mbili, koo limepona, sauti imerudi. Na sauti iliyorudi ni ya Ezekia. Ule uzito, ule mkwaruzo mdogo mwanzoni kama mtu anayesogeza kiti, ile "shemeji" anavyoivuta mwishoni Kinamwanga kabisa. Mwili wangu uliijua kabla yangu. Miaka yote hiyo ilikuwa inaniita kwenye simu, na mimi nipo kwenye kipindi.

"Haloo? Shemeji, upo?"

"Nipo," nikasema. "Haikusoma. Imekufa."

"Pole, shemeji. Pole sana." Akataka kuaga, kwa adabu yake, asinichoshe.

"Usikate, Yoramu. Ongea."

"Niongee nini?"

"Chochote. Niambie habari za mpunga."

Akacheka, akasema, "Mimi si mtu wa maneno mengi." Haki ya Mungu alisema hivyo, na hakujua anachosema, siku ya harusi yetu alikuwa kijana mdogo, yuko nje anachunga viatu vya wageni. Kisha akaanza. Mpunga umetoka magunia machache kuliko mwaka jana, ndege wamefaidi, ng'ombe mwekundu amezaa, mkewe ananisalimu, barabara imeharibika, Eliza anataka mchele wa sendofu wa aina gani. Akaongea, akaongea, na mimi nimekaa sakafuni na kiatu kimoja, nalia kimya ili asinisikie akaacha. Kengele ya kanisa ilipiga, ikamaliza. Hakukuwa na MC wa kumnyang'anya maiki.

Mwishoni nikamwomba aje asimame kwenye sendofu badala ya kaka yake. Akasema atakuja, na kwamba ataanza kunywa asali kuanzia leo, ndege wasije wakamharibia tena.

Kompyuta iko mbele yangu, nyembamba, haina mlango popote. Ezekia yuko pale kwenye kioo, maiki mkononi, mdomo wazi, na leo kwa mara ya kwanza naweza kumwekea sauti mwenyewe.

Nikimaliza kuandika hapa nitampigia Eliza nimwambie yote, pazia, rambo, ndege, bila kupunguza. Atakasirika, na ana haki. Nitamwacha akasirike mpaka amalize. Kisha nitampa namba ya baba yake mdogo, nimwambie leo asimwandikie, ampigie.